Moyo wa Shemeji

Pa. Kandambili moja ya mpira ilianguka sakafuni, na baada ya hapo chumba kizima kikanyamaza.

Ni sauti ndogo mno, ya kitu kidogo, lakini miaka ishirini na mitatu imepita na bado Mama Thelathini akiisikia popote, hata bafuni kwake, mikono yake husimama. Wakati ule alikuwa muuguzi mpya, mwembamba, sare yake bado ina mikunjo ya dukani. Wakaletewa mwashi aliyeanguka kazini. Muuguzi yule alipanda juu ya kibao kando ya kitanda akakisukuma kile kifua, akakisukuma, na kandambili iliyobaki mguuni mwa mwashi ikawa inacheza kwenye kidole gumba kila aliposukuma. Hakuna aliyemwambia endelea. Hakuna aliyemwambia acha. Daktari alikuwa ameitwa chumba kingine. Mikono ilipomfa ganzi akaacha mwenyewe, na alipoacha, kandambili ikaanguka. Tangu siku hiyo ana kesi moyoni: mshtakiwa ni yeye, hakimu ni yeye, na hukumu haijasomwa. Yule mtu alikuwa amekwisha kufa, au ni yeye tu aliyechoka?

Jina la Thelathini alipewa na wenzake kwa sababu huhesabu kwa sauti. Sukuma mara thelathini, pumzi mbili, anza tena. Wengine huhesabu kimoyomoyo, na wengine hupotea njiani wakarudi kwenye kumi na tisa mara mbili. Yeye hapotei. Sauti yake hutoka wodi ya dharura, ikapita milango ile miwili inayogongana, ikafika mpaka kwa mlinzi wa geti, ambaye ana mzaha wake asiouacha: "Mama akifika thelathini ya kumi, mimi naanza kutafuta ufunguo wa geti la nyuma." Geti la nyuma ni la gari la maiti. Watu hucheka. Hospitalini watu hucheka vitu ambavyo nyumbani wangevionea haya.

Nyumbani ana mume, fundi wa kutengeneza cherehani, mtu mpole mwenye mafuta ya mashine kwenye kucha. Mama Thelathini akirudi kutoka zamu hulala mchana, mume akijilaza naye baada ya chakula, na mara nyingi usingizi ukikolea mkono wake hunyooka, ukatafuta kifua cha mumewe na kuanza kukibonyeza, midomo ikihesabu. Mume humshika mkono akauweka chini taratibu. "Mke wangu, mimi bado nipo," humwambia. "Siku nikiondoka nitakuaga." Wakiamka huchekeshana kwa hilo. Siku hizi kicheko chenyewe kimepungua, maana kiwiko cha kulia kimevimba, na daktari wa mifupa amesema wazi kwamba mkono huo umeshafanya kazi ya mikono miwili.

Lakini si mkono uliomtisha. Kuna siku mama mmoja alifia mbele yake, mama wa rika lake, na wakati mwanawe wa kike anajitupa chini na kugaagaa, Mama Thelathini alijikuta anafikiria sabuni ya kufulia, kwamba imekwisha, apitie dukani. Alisimama pale na ile sabuni kichwani kama mtu aliyeshikwa akiiba. Wenzake huita hali hiyo uzoefu. Kwenye karatasi za semina huiita ustahimilivu. Yeye alijua kwamba ni kukauka, kama mti unavyokauka kutoka ndani huku maganda yakiwa yamesimama wima.

Kwa hiyo hospitali ilipotangaza kwamba itafungua chumba cha mafunzo, na kwamba inamtaka muuguzi mmoja atakayefundisha wengine kurudisha uhai, mchana tu, bila zamu, bila maiti, alikwenda kwa muuguzi mkuu kabla tangazo halijakauka gundi ukutani. Muuguzi mkuu hakumzungusha. "Nafasi ni yako, mama. Nani mwingine? Ila ukaniletee cheti cha ukufunzi. Bila cheti, mikono yangu imefungwa."

Mafunzo yalikuwa ya siku tatu. Chumba kilikuwa stoo ya mashuka zamani, na hata ukifungua madirisha bado kilinuka joto la pasi. Katikati, juu ya godoro jembamba, alilala yule ambaye wote walimjia: sanamu ya mpira ya mtu mzima, kifua wazi, macho nusu, nyaya zimemtoka ubavuni. Kabla ya chai ya kwanza alikwishapewa jina. Aliyempa ni daktari wa meno, mwanamume mfupi mwenye tumbo, ambaye naye alikuja kuusaka ukufunzi.

"Huyu ni Shemeji," alisema. "Amelala kutwa nzima, hafanyi kazi yoyote, na kila anayeingia humu anamhudumia yeye."

"Na wewe wa meno unatafuta nini huku?" Mama Thelathini alimuuliza. "Jino nalo linazimia?"

"Jino halizimii, mama. Mwenye jino ndiye anazimia, akiiona sindano. Mwaka huu nimewapoteza wawili."

"Walikufa?"

"Walikimbia."

Mkuu wa mafunzo alikuwa daktari wa usingizi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini kama anaongea chumba cha mtoto mchanga. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililowatia hofu. Aliwaambia kwamba kufundisha si kuonyesha unavyojua. Mwanafunzi akikosea usimkaripie. Muulize aliona nini, alifikiri nini, alihisi nini. Mhurumie, alisema, lakini usimfanyie. Kisha akaandika ubaoni sharti moja la mtihani wa mwisho, akalipigia mstari: mkufunzi akishamwachia mwanafunzi mgonjwa, haongei wala hagusi, mpaka mwanafunzi mwenyewe aseme nimemaliza. Anayeongea au kugusa kabla ya hapo, hana cheti.

"Hata akienda kombo?" aliuliza wa meno.

"Hata akienda kombo. Wodini hutakuwapo."

Siku ya tatu waliletwa wanafunzi wa kweli, wauguzi na matabibu vijana, ili wakufunzi watarajiwa wawafundishe. Miongoni mwao alikuwamo msichana wa wodi moja na Mama Thelathini, aliyekuwa na mwaka mmoja tu kazini. Walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa sababu hakuna mshipa uliomshinda kuupata. Mama Thelathini alimpenda kama mtu anavyoipenda picha yake ya zamani. Alimkuta kwenye ngazi za nje saa ya chai, kikombe kimepoa mikononi.

"Mbona hunywi?"

"Nakunywa, mama."

"Kwa macho?"

Sindano akatabasamu, kisha tabasamu likamwisha usoni. Ndipo akasema. Wiki tatu zilizopita baba yake alianguka bafuni. Nyumbani walikuwa wawili tu. Alimvuta mpaka ukumbini, akaanza kumsukuma kifua, peke yake, akipiga kelele za kuita majirani katikati ya hesabu. Majirani walipofika walimkuta bado anasukuma. Iliwabidi watu wawili kumbandua.

"Nadhani walinitoa mapema," alisema Sindano. "Alikuwa na joto bado. Mama, mtu akiwa na joto si bado?"

Mama Thelathini alikuwa na jibu la kitabuni, na alikuwa na jibu la miaka ishirini na mitatu. Akamshika bega tu.

"Daktari anajua?"

"Usimwambie. Akijua ataniambia nikapumzike. Nyumbani hakupumzikiki. Niapie, mama."

Akamwapia.

Asubuhi ileile walichagua karatasi za mitihani kwa kufumba macho. Kila karatasi ilikuwa na kisa cha mgonjwa. Mama Thelathini alifungua yake akaisoma mara mbili. Mwanamume, miaka sitini, ameanguka nyumbani. Na chini, kwa herufi nene: mgonjwa huyu harudi. Kazi ya mwanafunzi ni kufanya kila linalotakiwa, kisha kutambua kwamba imeshindikana, kuwauliza wenzake kama yupo mwenye wazo jingine, kutamka kwa mdomo wake kwamba wanaacha, kutaja saa, halafu kugeuka na kumwambia ndugu wa marehemu. Ndugu wa marehemu ataigizwa na daktari wa meno. Mwanafunzi aliyepangiwa alikuwa Sindano.

Alikaa kwenye meza ya pembeni na kishikwambi mbele yake. Katika kishikwambi hicho ndimo moyo wa Shemeji ulimokuwa: kitufe hiki unapiga vibaya, kitufe hiki umesimama, kitufe hiki cha kijani umerudi. Aliwaza aende kwa daktari amwambie, tafadhali, si huyu. Lakini alikuwa ameapa. Na kusema kweli, kwa kuwa hapa hakuna wa kumficha, kulikuwa na jambo la pili: Sindano akiondolewa, mtihani unaahirishwa, na kozi nyingine ni mwakani, na mwakani nafasi haitakuwapo. Akapiga moyo konde akamwachia msichana mgonjwa.

Sindano alianza vizuri. Aliita, akatikisa, akasikiliza pumzi, akapiga magoti. Kisha mikono ikaanza kumtetemeka. Alikuwa anasukuma kidogo na kuacha, anamwangalia Shemeji usoni, anasukuma tena, anaacha. Kila alipoacha ilikuwa muda mrefu mno. Damu haisubiri hivyo. Wenzake wawili waliomsaidia mfuko wa hewa walikuwa wanatazamana. Daktari wa usingizi aliandika kitu. Dakika ya nane, Mama Thelathini alimwona Sindano akiinama karibu na sikio la mpira, na midomo yake ikatengeneza maneno mawili bila sauti: amka basi.

Kidole kilikwenda chenyewe. Angeulizwa mahakamani asingeweza kusema ni lini alikiamuru. Kilikwenda kwenye kitufe cha kijani kikabonyeza.

Kwenye skrini mstari ulionyooka ukainuka, ukawa kilima, ukawa vilima, ti, ti, ti. Chumba kizima kikapiga makofi. Mmoja akasema, "Shemeji amekumbuka chakula." Sindano alikaa chini palepale sakafuni, akafunika uso, akacheka, na kicheko kikageuka kwikwi, na kwikwi ikarudi kuwa kicheko. Na Mama Thelathini, kwa muda mfupi sana, alisikia kitu ndani yake ambacho hakuwa amekisikia kwa miaka: maji, kama yanapanda kwenye ule mti.

Daktari wa usingizi alimwita nje, kwenye korido, karibu na rundo la magodoro mabovu.

"Karatasi yako ilisema nini?"

"Harudi."

"Amerudi."

"Ndiyo, daktari."

"Kidole kiliteleza?"

Alimpa mlango wa kutokea, na Mama Thelathini aliuona ule mlango ulivyo wazi. "Hakikuteleza," alisema.

Daktari alitazama chini, kwenye viatu vya muuguzi yule, vile viatu vyeupe vilivyolala upande mmoja kwa kusimama.

"Mama, unajua umemfundisha nini? Alikuwa anaacha kusukuma kila mara. Kwa jinsi alivyofanya, mtu wa kweli angekufa mara mbili. Wewe umemwambia kwamba vile ndivyo. Na umemwambia kwamba ukitaka sana, wanarudi."

"Alikuwa anaumia."

"Wote wanaumia. Mimi pia naumia, ndiyo maana nafanya kazi na watu waliolala." Hakucheka, ila sauti ililegea. "Ningeweza kukuangusha hapa hapa. Sitaki. Sijaona mtu anayefaa kazi hii kuliko wewe. Mchana utarudia. Karatasi ileile, mwanafunzi yuleyule."

"Naomba awe mwingine."

"Kwa nini?"

Maneno yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Baba yake. Wiki tatu. Akakumbuka kiapo, akakumbuka na lile jambo la pili, na safari hii hakuweza kujua lipi lilimfunga mdomo.

"Basi awe yeye," alisema daktari. "Yeye ndiye uliyemdanganya, kwa hiyo ni yeye anayekudai ukweli. Na sharti unalijua. Huongei, hugusi. Ukivuka safari hii sitakuwa na la kukusaidia."

Wakati wa chakula cha mchana Mama Thelathini alisukuma sahani pembeni. Daktari wa meno alikaa karibu naye akamsogezea maji.

"Asubuhi hukunipa nafasi ya kulia," alisema. "Nilikuwa nimejiandaa. Nimefiwa na kaka kabisa."

"Mchana utalia."

Wa meno akamwangalia, akaacha mzaha. "Ndiyo hivyo? Basi jikaze, mama. Dakika kumi na tano tu, halafu umekuwa mkufunzi. Mtazame Shemeji, usimtazame yule binti."

Ulikuwa ushauri mzuri, na kama angeufuata, maisha yake yangekuwa mengine. Lakini Sindano alikuja mwenyewe. Alikuwa amekula, na alikuwa amechana nywele. Uso wake ulikuwa umefunguka kama nyumba iliyofagiliwa.

"Mama, uliona asubuhi?" alisema. "Nilimrudisha. Mikono ilikuwa inatetemeka lakini alirudi. Wamesema nirudie. Mimi sina wasiwasi. Nitafanya vilevile."

"Usiwe unaacha," Mama Thelathini alimwambia. "Ukishaanza, usiache hata kidogo."

"Sitaacha, mama."

Na alishika neno. Saa nane na dakika kumi alipiga magoti, na safari hii mikono haikutetemeka. Alisukuma kwa kina, kwa kasi, kama alivyoelekezwa, bila kupumzika hata pale msaidizi alipojitolea kumpokea. Mashine ya kushtua moyo ikasema haina la kushtua. Akaendelea. Dawa ikatajwa, ikaandikwa. Akaendelea. Mstari kwenye skrini ulikuwa umenyooka kama uzi wa mwashi. Mama Thelathini aliweka mikono yake miwili chini ya meza, akaikalia.

Dakika kumi. Sindano aliinua macho akamwangalia, si kwa hofu, kwa kusubiri tu, kama mtu aliyegonga mlango wa nyumba anayoijua. Mama Thelathini akamtazama Shemeji. Dakika kumi na tano. Yule kijana wa mfuko wa hewa alisema kwa sauti ndogo, "Dada, tufikirie kuacha?" Sindano aliendelea kusukuma. Daktari wa meno, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha ndugu, alikuwa amejiandaa na leso mkononi; polepole leso ikashuka mpaka gotini, na uso wake ukaacha kuigiza.

Dakika ishirini. Jasho la msichana lilikuwa linadondoka kwenye kifua cha mpira, na kila alipobonyeza lilimrukia usoni. Alikuwa anahesabu kwa sauti. Mama Thelathini aliijua ile sauti. Ilikuwa yake mwenyewe, ile aliyomfundisha wodini. Thelathini. Pumzi mbili. Moja. "Anarudi," Sindano alisema katikati ya hesabu, hakumwambia mtu. "Asubuhi alirudi. Na asubuhi nilikuwa nafanya vibaya."

Daktari wa usingizi alikuwa ameshika kalamu hewani. Labda angesimamisha mwenyewe. Labda alikuwa anampa Mama Thelathini muda wa kushinda, kwa kunyamaza tu, dakika moja zaidi, mbili zaidi, mpaka msichana achoke na aseme lile neno. Watu huchoka. Hilo Mama Thelathini alilijua kuliko wote mle ndani: mikono ya Sindano ingekufa ganzi, ingeacha yenyewe, na msichana angetoka pale akiamini kwamba ni yeye aliyechoka. Angeibeba kesi hiyo nyumbani kwake, kwenye ukumbi ule, kando ya baba yake, na angekuwa nayo akiwa na miaka arobaini na saba kama yeye, akiwa na kiwiko kilichovimba.

Alisimama. Kiti kilikwaruza sakafu. Daktari akasema, bila kuinua sauti, "Mama," na ilikuwa onyo, na ilikuwa pia kama kumuaga. Mama Thelathini alizunguka meza. Alipita mbele ya ubao wenye lile sharti lililopigiwa mstari. Magoti yake yalipogusa godoro yalitoa mlio wa uzee. Akaweka viganja vyake juu ya ile mikono myembamba, vikapanda nayo, vikashuka nayo, mara moja, mara mbili, vikawa vizito, vikaisimamisha.

Sindano aligeuka akamwangalia, kifua chake kinapanda na kushuka, midomo bado inatafuta namba iliyofuata. Nyuma yao kalamu ilishuka kwenye karatasi na kuandika neno moja fupi.

"Amekufa, mwanangu," Mama Thelathini alisema, kwa sauti ya chini ambayo hata wa meno hakuisikia. "Alikuwa amekufa tangu asubuhi. Ni mimi niliyebonyeza."